Godoro Kavu

Jumatatu, 4 Machi
Sindano ya kwanza ya Bosi. Nesi kasema ni homa ya mapafu, tutakwenda zahanati kila asubuhi. Miaka mitano tu, lakini kapiga kelele mpaka mlinzi akachungulia! Njiani kurudi akanisamehe. Nimembeba mgongoni mpaka nyumbani, na uzito wake wote ule. Kaka yangu kazaa, mgongo wangu unalea. Saluni nimechelewa, wateja wamenuna. Wanune tu.

Jumatano, 6 Machi
Homa imeshuka. Na kubwa zaidi — Bosi kaamka mkavu! Yeye ambaye godoro lake halijawahi kupumzika kuanikwa. Mama yangu kapiga vigelegele, kamwita "mume wangu," eti sasa kweli kapata mwanaume wa kumwoa. Bosi katembea nyumba nzima, kifua mbele.

Alhamisi, 7 Machi
Mkavu tena. Ila hacheki. Kajikunja, anasema tumbo na mgongo vinauma. Mama anasema ni uchovu wa sindano. Uso umemvimba kidogo, au ni macho yangu?

Nimemuuliza, leo umekwenda kukojoa? Katikisa kichwa. Jana je? Katikisa tena. Sisi tunashangilia, kumbe mtoto hakojoi kabisa!

Ijumaa, 8 Machi
Hospitali kubwa. Daktari kampima tumbo kwa mashine. Dawa ya sindano imeganda ikawa chenga, kama za mchele, zimeziba njia ya mkojo. Huwatokea watoto wachache, kasema. Dawa imebadilishwa, katundikiwa dripu. Mara nyingi chenga hutoka zenyewe. Nikauliza, zisipotoka? Watamwingizia mrija, figo zisije zikaharibika.

Mama yuko koridoni analia. Anajilaumu kwa vigelegele vyake. Nimempelekea chai, hakuigusa. Nami nilishangilia, mama, nimemwambia. Tulishangilia wote.

Jioni. Bado hata tone. Nimempakata, naandika kwa mkono mmoja. Nampenda mtoto huyu, jamani! Nampenda mpaka naogopa.

Kaninong'oneza sasa hivi: shangazi, mkojo kama unataka kuja. Nikanyoosha mkono kuchukua chombo cha mkojo, akanishika. Siwezi kushuka, shangazi. Na mimi nimeshaacha kukojoa kitandani.

Kojoa, baba. Kojoa hapahapa, lowesha shuka, niloweshe na mimi, lowesha hospitali nzima! Ananitazama usoni, aone kama nasema kweli —