Baba, Divai Uliyomchagulia Mzee Gaspard Imebadilika

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho tulichozungumza wewe na mimi jikoni kwetu Nyamirambo, hapa Kigali, Mama akitujibu kwa Kinyarwanda. Ulikipata Dodoma, ulikokulia ukimbizini na kujifunza kazi katika mashamba ya zabibu, ukarudi nacho nyumbani pamoja na pua yako ile.

Nakumbuka Jumapili baada ya misa. Ulinifunga macho kwa kitambaa chako cha kazi, kile cha kuhudumia divai hotelini, ukanisogezea vitu puani: majani ya chai, ganda la chungwa, mkanda wako wa ngozi, udongo uliotoka kunyeshewa. Nikikosea hukunicheka. Ulisema tu, "Nusa tena, mama." Mama alilalamika kwamba unamfundisha mtoto ulevi. Ulimjibu kwamba unanifundisha kutulia.

Sasa mimi ndiye msimamizi wa divai katika mkahawa mmoja hapa Kimihurura. Wanaonizunguka wana vyeti vya Ulaya, nami ninacho kimoja, lakini nikiinua glasi bado nafumba macho kwanza.

Mzee Gaspard, yule mteja wako aliyestaafu wizarani Kacyiru, alinifuata huku baada ya wewe kututoka. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, humleta mkewe na kuagiza divai nyekundu ileile ya kusini mwa Ufaransa uliyomchagulia wewe. Mwaka huu alionja, akaiweka glasi chini polepole.

"Binti, hii iko nzito," akaniambia. "Inachoma. Hii si divai ya baba yako."

Claudine, meneja wetu, alimwomba radhi, kisha akanivuta pembeni. Alikuwa na hakika kwamba Théogène, anayetuagizia divai, ametuuzia chupa bandia, na alitaka kuipigia simu mikahawa yote ya mjini asubuhi ili ijihadhari. Unaijua Kigali, Baba. Neno kama hilo likitoka, halirudi. Théogène angefunga ghala lake, na watu wake wangebaki bila kazi. Nilimwomba Claudine asimpigie mtu yeyote kabla sijaionja mwenyewe. Akakubali.

Nilionja. Haikuwa bandia. Shamba lilikuwa lilelile, hata ule udongo wake niliusikia, ila juu yake palikuwa na joto nisilolizoea.

Kesho yake mchana nikawaita wote, Mzee na mkewe, Claudine, na Théogène aliyefika akiwa amekunja uso. Nilifungua chupa ya mwisho ya miaka ya nyuma tuliyobaki nayo, na pembeni nikafungua ile mpya. Nikawaonyesha lebo: kilevi kimepanda. Nikawaeleza kwamba zabibu zikiiva katika joto kali sukari huongezeka, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi, huku ule uchachu unaoichangamsha divai ukipungua. Sikuwaficha kwamba umri wa chupa nao hubadilisha ladha. Lakini umri peke yake haupandishi namba ya kilevi kwenye lebo.

Ndipo Théogène alipokunjua uso. Alisema wakulima wa kule wamekuwa wakimlalamikia kwamba mavuno yanawahi, wengine wanachuma zabibu kabla ya mapambazuko ili zisipikike juani. Hakutuambia kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ni kweli, Baba. Wengi wetu katika kazi hii mjini tulijua majina ya mashamba na bei za chupa. Habari za joto tuliwaachia wakulima na mikutano ya tabianchi.

Mzee Gaspard alionja ya zamani, akaonja mpya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ile yangu hairudi?"

"Sidhani, Mzee. Lakini nitakutafutia nyingine."

Nikamletea divai ya shamba lililo juu mlimani, ambako usiku bado una baridi. Mkewe alikuwa wa kwanza kuipenda. Akasema kwa upole kwamba ile ya zamani hakuwahi kuipenda sana, aliinywa miaka yote kwa kuwa mumewe anaipenda. Mzee alimgeukia kama anayetambulishwa kwake upya. Hata Claudine alicheka, kisha akampa Théogène mkono na kumwomba radhi mbele yetu.

Siku hizi wahudumu wa divai wa mikahawa mbalimbali tunakutana ghalani kwa Théogène Jumatatu asubuhi. Tunaonja divai za miaka tofauti kutoka shamba moja, na tunawapigia wakulima simu wenyewe. Wa Dodoma wametuambia kwamba mvua inawakuta zabibu ziko mtini, zinapasuka na kuoza, nao wanajaribu kubadilisha wakati wa kupogoa matawi. Divai yao nimeiingiza mkahawani. Wapo wenzetu wanaosema nachanganya siasa na chakula. Siwabishii, nawamiminia glasi mbili, ya mwaka wa baridi na ya mwaka wa joto, waonje wenyewe.

Najua ungehuzunika kuiaga ile divai. Nami nilihuzunika. Ila sina hofu, Baba. Kazi hii naijua, na sasa naijua kwa upana kuliko nilivyoipokea.

Wiki iliyopita Mzee Gaspard alikuja peke yake, siku ya kawaida tu. Nilimpa orodha ya divai, hakuifungua. Akauliza, "Ile divai ya mlimani, mwaka wa mavuno yake jua lilikuwaje kule?"

Miaka yote ya kuhudumu sijawahi kuulizwa hivyo na mteja. Nikavuta kiti, jambo ambalo ungenikemea kwalo, nikakaa mezani pake na kuanza kumweleza.

Pumzika, Baba. Wateja wako wako salama.

Ni mimi,
Binti yako