Pole ya Kombora

Chumba namba sita,
Nyuma ya gereji ya matrekta.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Magoti yanakuachia upande ngazi, au bado yanalia kama mlango mbovu? Sisi huku wazima, ila mimi nimepungua jino moja la mbele. Sasa nikicheka napiga filimbi bila kununua filimbi.

Kabla ya yote: mwanao yu hai, anakula, anatembea. Nakuanzia hapo kwa sababu najua umeshasikia kwa watu, na watu wakibeba habari lazima watie chumvi. Hii yangu haina chumvi. Nilikuwepo, hatua ishirini tu, na shati langu la siku ile nimeliloweka mara tatu, damu haijatoka yote.

Wewe kriketi unaijua kwa jina, kama nilivyokuwa mimi. Basi ni hivi. Mpigaji anasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu. Mrushaji anakuja mbio, anarusha mpira aviangushe. Mpira wenyewe juu ngozi, ndani kama jiwe. Ukidundishwa mbali kidogo na miguu yake, unapaa mpaka usoni. Sheria inaruhusu kumtisha mtu. Kumkusudia hairuhusu, lakini nani ana darubini ya kuona moyoni?

Mwanao alikuwa anapakia saruji kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Siku moja timu ya ghala inafanya mazoezi, mpira ukamfikia mlangoni, akaurudisha. Aliyeudaka alikaa chini ameshika kiganja, kocha akaangusha kikombe cha chai. Tangu siku hiyo jina ulilompa likasahaulika, akawa Kombora.

Mwaka wa kwanza alivunja kidole cha mguu cha keshia wa benki. Mwaka wa pili mbavu mbili za askari, na nahodha mmoja aliyemsukuma alikula kichwa cha pua. Wakamfungia mechi sita. Aliporudi, uwanja ulijaa watu mpaka juu ya ukuta. Watu wanasema hawapendi damu, Dada, lakini wanawahi viti vya mbele.

Nami sikulaza damu. Unanijua, mvua ikinyesha nauza miavuli, jua likiwaka nauza miwani. Nikaongeza fulana zenye uso wake, na chini maandishi: VAA KOFIA. Ziligombewa.

Ndipo ile timu kubwa ya mji wako ikamtaka. Ulipotuma picha ya chumba ulichompakia rangi, aliibandika juu ya kitanda. Ilibaki fainali moja tu apande ndege.

Fainali tulicheza na timu ya posta. Mpigaji wao hodari ni karani wa vifurushi, mwembamba, ulimi mrefu kuliko mkono. Siku hiyo mara mbili alimpiga Kombora mpira mpaka nje ya uwanja. Halafu akavua kofia ngumu, akaiweka chini, akasema mipira ya Kombora ni upepo mdogo tu, kofia haina kazi.

Kombora akarudi nyuma hatua nyingi kuliko siku zote. Akaja. Mpira sikuuona, niliusikia. Mlio wake ulikuwa wa sahani inayovunjika ndani ya kabati. Karani hakupiga kelele. Alipiga magoti kama mtu aliyeangusha ufunguo, kisha damu ikafumuka jichoni, ikashuka kifuani, mstari wa chokaa ukawa mwekundu.

Mwanao akamfuata, akasimama juu yake, mikono kiunoni, akasema neno moja.

"Pole."

Dada, hilo neno ukiinama nalo ni dawa. Ukisimama nalo juu ya mtu anayevuja damu, ni kofi la pili.

Upande wa pili mpigaji mwenzake Karani alikuwa kaka yake wa damu, mtu wa bucha tunayemwita Mchinjaji, shingo kama gogo. Akamwuliza mwanao, "Pole ya nini, kwani umemrushia ua?"

"Pole nimempa. Unataka nimtandikie na kitanda?"

Gongo ndilo lililomjibu. Lilimpata shavuni, nikasikia meno yakigongana. Kombora akang'oa kijiti kimoja, kina ncha chini, akampiga Mchinjaji begani, begani tena, pigo la tatu likapita sikioni, sikio likaning'inia. Watu wakamwagika uwanjani kama siafu. Mimi nikaingia kuamua, na mwamuzi wa ugomvi hupigwa na pande zote. Jino langu liling'olewa na mwavuli, na mwenye mwavuli nilikuwa nimemuuzia mimi mwenyewe asubuhi. Ni bidhaa imara, siwezi kulalamika. Refa alijifungia chooni. Ubao wa matokeo ukachomwa moto.

Jicho la kushoto la Karani madaktari walilitoa kesho yake.

Siku zile tulikula mawe. Madirisha yote mawili yalivunjwa, nimeziba kwa katoni za sabuni. Mwanao alilala na nondo kando ya mto. Meneja wa timu akaja na viatu vyake vya kung'aa, akakaa juu ya ndoo, maana kiti ni kimoja na kilikuwa na mgonjwa wetu, mwanao. Akampa maneno yake.

"Sema pole mpaka ulimi uote sugu. Samahani usiitamke hata ukimkanyaga mtu kwenye foleni. Pole anasema hata mpita njia. Samahani ni ya mkosaji. Ukiitamka, ndege huipandi."

Kombora akaitikia. Alikuwa anaiangalia ile picha ya chumba.

Siku ya tatu Karani akatuma muuguzi. Polisi hataki, fidia hataki. Anataka Kombora aje mwenyewe amwambie moja, pole au samahani. Yaani mpira ulimponyoka, au ulimlenga. Basi.

Tulikwenda Ijumaa mchana. Meneja akatufuata kama kivuli, kuhakikisha neno. Wodi ina vitanda kumi na viwili na feni moja inayozunguka ikijisikia. Karani kichwa chote bendeji. Mchinjaji amekaa pembeni, sikio limeshonwa, anamenya chungwa kwa kisu na macho yako kwetu.

Kombora alisimama miguuni pa kitanda mpaka muuguzi akamwuliza kama naye amekuja kulazwa. Kisha akainama.

"Samahani," akasema. "Nilikulenga."

Kumbe wiki moja kabla ya fainali alikwenda posta kuchukua kile kifurushi chako cha viatu. Karani akamtania mbele ya foleni nzima kwamba viatu vimefika, lakini yeye mwenyewe mama yake alimtupa kama kifurushi kisicho na anwani. Foleni ikacheka. Nisamehe kukuandikia hilo, Dada, lakini jicho la mtu limetoka kwa ajili ya neno hilo, nikiliruka nitakuwa nakudanganya.

Meneja alitoka bila kuaga, simu sikioni. Karani akageuzia uso ukutani. "Sasa nimejua," akasema. "Nenda."

Mchinjaji alitukuta kwenye korido. Kisu alikiacha, nashukuru. Alimpiga mwanao ngumi ya tumbo, ya mdomo, na nyingine pale pale palipovimba. Mikono ile, Dada, Kombora aliifunga mgongoni kama anayesubiri zamu yake. Nilipotaka kuruka akatema damu, akaniambia, "Mjomba, acha."

Kwa hiyo haji. Wamemfungia maisha, na timu ya huko imemfuta. Ghalani pia wamemwambia asirudi. Yuko nami, anauza miwani, na biashara haijui kabisa. Mteja akiuliza kama ni halisi, anamjibu siyo.

Nimezunguka sana, na moja limebaki. Asubuhi ya fainali alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaniambia, "Mjomba, leo kwa Karani sitaki vijiti. Nataka uso." Aliniambia mimi, niliyemlea tangu ulipoondoka. Ningeweza kukaa mlangoni nisimpishe. Ningeweza kwenda kwa kocha. Nilicheka, Dada. Nikamwambia asiharakishe, anisubiri nimalize kuuza fulana.

Wote watakuandikia pole. Mimi yangu ni samahani.

Nisalimie shemeji, na binti yako wa mwisho, mwambie mjomba bado mzuri mdomo ukiwa umefungwa. Mama mkubwa anakusalimu, na Kombora pia, ingawa hajui niandike nini kwa niaba yake. Mungu akushike mkono kwenye ngazi hizo.

Mdogo wako anayekupenda, hata usipojibu.