Ukurasa wa Jicho la Bibi

Timbwani, Likoni

Mke wangu mdogo Afrah,

Salamu nyingi. Jua kwamba babu yako sasa ni fundi wa kompyuta: ule ukurasa wa maagizo ya daktari wa macho nimeuchapisha mwenyewe, mzima. Haya, usicheke, ni uongo. Niliigusa kompyuta ya saiba, pale dukani pa intaneti, nikafukuzwa.

Mara ya kwanza karatasi ya saiba ilitoka imekatwa upande wa kulia, kila mstari nusu. Bibi yako Kuluthum, na bandeji yake jichoni baada ya upasuaji, akasema, "Nisomee, Awadh." Nikasoma: "Kwa mwezi mmoja mgonjwa asithubutu..." Hapo maneno yamekwisha. Nikamalizia mwenyewe: "...kumgombeza mumewe."

Wallahi, nilistarehe mpaka alasiri, nilipomkuta ameinamia ndoo ya maji anataka kuibeba. Hofu ikaniingia: je, kama hilo ndilo lililokatwa? Nikamnyang'anya ndoo, nikakupigia simu.

Mungu akupe heri, mjukuu wangu. Ulivyomwelekeza yule wa saiba aupunguze ukurasa mpaka uenee kwenye karatasi, mistari ilitoka kamili: asithubutu kuinama wala kubeba kitu kizito. Leo daktari amelitazama jicho, anasema li salama. Nakushukuru mpaka maneno yananiishia.

Ila bibi yako sasa anajua nilichokitunga, na chai ananipa bila sukari. Ulipolivunja buli lake, mimi ndiye niliyemsingizia paka. Basi mpigie, mama, uniombee msamaha.

Babu yako,
Awadh