Mabati ya Mama na Ombi la Tatu

Chumba Na. 3,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
9 Machi.

Mpendwa Dada,

Awali ya yote, pokea salamu za mdogo wako. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na shemeji hajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio wenye mashaka.

Fedha ulizotuma za kuezekea nyumba ya mama ninazo. Nilingoja bei ya mabati ishuke. Hilo ni kosa langu, nami nalikiri kwa maandishi.

Kama ujuavyo, hapa kiwandani mimi ndiye mwandishi wa maombi ya nyongeza ya mishahara. Ombi la kwanza meneja alilijadili miezi miwili. La pili alilitia sahihi akiwa amesimama, hata ukurasa wa pili hakuufunua. Dada, atoaye bila kubisha ana pa kurudishia chake. Wiki hiyohiyo sabuni ikapanda. Mwenye nyumba naye akaongeza kodi kwa sababu ya "ugumu wa maisha usiomithilika", maneno yangu mwenyewe kutoka katika ombi. Sijui nani alimwonyesha.

Nikamshuku pia mwenye duka. Bei zake zamani aliziandika kwa rangi. Sasa ni chaki, na sifongo inaning'inia kando ya ubao. Nilimwuliza anakula njama na nani.

"Na wewe, Bwana Mwandishi," akanijibu. "Mkiongezwa mshahara, kiwanda chenu kinaniletea sabuni ghali. Sabuni ikipanda, mpagazi wangu naye anataka nyongeza. Nikimpa, nafuta ubao. Ukiuona ubao, unakimbilia kalamu. Sasa mchawi nani hapo?"

Wateja walicheka.

Muuza mabati naye hataji bei. Huuliza kwanza unalipa leo au kesho. Fedha zilizotosha nyumba nzima sasa zinatosha vyumba viwili, na mvua haingoji nyongeza.

Wenzangu wametaka ombi la tatu. Nimeliandika, maana nami nala kwa mshahara huohuo. Ila limo mfukoni mwa koti langu. Kesho nanunua mabati ya chumba cha mama na jiko. Yakishapakiwa, ndipo meneja atapata karatasi yake. Shemeji asilijue hili, ana rafiki hapa kiwandani.

Uniwie radhi kwa kutongoja idhini yako. Barua hii ikikufikia, bei itakuwa nyingine.

Wasalimie wapwa zangu wote wawili. Mola awajalie paa lisilovuja.

Wako akupendaye kwa dhati,
Mdogo wako.