Sanduku Lililopita Mlango wa Nyuma

Duluth, 15 Januari 2023

Mdogo wangu Verlin,

Hujambo? Wifi yangu Joanne hajambo? Mimi mzima, ila usingizi ndio hauji. Kristin amenipa chumba cha juu, ziwa naliona lote, limeganda. Mwanangu ananihudumia mpaka najiona mgonjwa.

Nisamehe sikukuaga. Nilipigiwa simu arobaini ndani ya wiki moja, nyingine za watu wa majimbo ambayo sijawahi kukanyaga. Mmoja aliniambia pazia la jikoni kwangu ni la rangi gani. Siku hiyo nikang'oa waya wa simu, nikafunga nyumba. Miaka thelathini na moja nimesimamia uchaguzi wa Odegard, kura mia tatu na kidogo, tunazihesabu mbele ya watu wa vyama vyote viwili, na leo redio inasema Novemba niliingiza sanduku la kura bandia kwa mlango wa nyuma.

Verlin, sanduku lile unalijua. Ulilibeba wewe. Ni lile la barafu, la buluu, lenye saladi ya viazi na mayai, chakula cha mchana cha wasimamizi. Nilikwambia upite nyuma kwa sababu mlango wa mbele ni wa wapiga kura.

Tarehe 14 Februari baraza la mji linakaa kusikiliza malalamiko. Mimi siwezi kuja, Kristin hataki hata kusikia. Nenda useme tu kwamba ulilibeba wewe na ndani mlikuwa na viazi. Basi. Nataka kurudi nyumbani kwangu, na sitarudi kwenye mji unaoniita mwizi.

Dada yako,
Arlys


Odegard, 1 Februari 2023

Dada Arlys,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mgongo tu unamsumbua Joanne. Theluji mwaka huu imetuonea, nimekwangua barabara siku kumi na tisa mfululizo. Mabomba yako ya maji nimeyakagua, hayajapasuka.

Hilo la baraza nimelisoma. Dada, usilitie moyoni. Watu wana hasira, ila si na wewe. Ukifungua televisheni asubuhi ni mahakama, jioni ni wanasheria wanagombania mstari mmoja wa Katiba kama mbwa na mfupa. Mtu wa kawaida anaona hakuna anayemsikiliza. Sasa akiuliza habari za kura, si haki yake? Katiba imempa uhuru wa kusema. Halafu nikisimama mimi, ndugu yako wa damu, watasema tunafichiana. Tuache lipoe.

Kunywa maziwa ya moto kabla ya kulala.

Mdogo wako,
Verlin


Duluth, 24 Februari 2023

Verlin,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo.

Marlene, karani wa mji, amenieleza yote ya kikao cha baraza. Ulikaa safu ya tatu, kofia magotini, saa mbili nzima. Rodney Stenberg, yule unayekunywa naye kahawa, akasimama akasema shahidi aliyeliona sanduku yumo humu ukumbini, ila anaogopa. Marlene anasema ulitazama viatu vyako. Baraza halikunikuta na kosa. Limeniondoa kazini tu, ili kutuliza watu.

Umeniandikia habari za uhuru wa kusema. Katiba inakukinga na serikali, Verlin. Haikukingi na dada yako.

Mabomba yaache, Kristin atatafuta mtu. Na usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Arlys Boe


Odegard, 11 Juni 2023

Dada Arlys,

Sijui kama unalala siku hizi. Natumaini unalala. Sisi wazima.

Ninalo la kusema. Barua hii nimeshaichana mara nne, na kuandika si kazi yangu, isome hivyo hivyo. Shahidi wa Rodney ni mimi.

Asubuhi baada ya uchaguzi nilikuwa mgahawani kwa Dot, na wale wale wa kila siku. Wamenuna, mgombea wao kashindwa. Alikuwa wangu pia, sijitoi. Nikataka kuwachekesha. Nikasema, "Mimi jana nimeona sanduku linapita mlango wa nyuma, zito hilo." Wangecheka, ningemalizia na viazi. Hawakucheka. Rodney akaweka kikombe chini, akasema, "Endelea."

Dada, miaka ishirini na mbili nakunywa kahawa kwenye meza ile, sijawahi kuambiwa endelea. Mimi ni yule wa theluji. Nikianza kusema, mtu anaomba sukari. Siku ile meza nzima ikanigeukia, hata Dot akasimama na birika mkononi. Rodney akaniuliza mlikuwa na nini ndani. Nikasema, "Sijui." Nilijua. Nilikuwa nimeonja kwa kidole kabla sijashuka garini.

Siku ya tatu ikawa redioni. Wiki haijaisha, sanduku limekuwa masanduku matatu. Nilisikia nikiwa barabarani, nikazima redio, nikajiambia kesho nitasema. Kesho yake wakaanza kukupigia simu. Nikaona sasa nikisema, watajua ni mimi. Ukahama. Nikaona nikisema, wewe ndiye utajua ni mimi. Kila siku ilikuwa na sababu yake. Ile barua ya uhuru wa kusema nilikuwa natafuta pa kujificha tu, nikaona Katiba ni pana, nitaenea.

Sikuombi msamaha leo. Sina uso huo. Julai kuna mkutano wa mji, nitasimama.

Mdogo wako,
Verlin


Odegard, 20 Agosti 2023

Dada Arlys,

Natumaini u mzima. Hukunijibu, na ni haki yako.

Nilisimama. Nikasema sanduku nililibeba mimi, mlikuwa na viazi na mayai, na hadithi nilianzisha mimi, dada yangu hana kosa. Mmoja akauliza saladi ilikuwa ya haradali au ya mayonezi, watu wakacheka, nikadhani yameisha.

Kumbe wapi. Nje Rodney akanishika bega, kwa upole kabisa, kama tuko msibani. "Verlin, tunakuelewa. Ni dada yako."

Nikamwambia, "Rodney, hilo sanduku ulilisikia kwangu. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Akasema, "Siku ile ulisema ulichokiona. Leo unasema ulichoambiwa useme."

Mke wa jirani yake akaniuliza nimelipwa na nani. Dada, nilitaka kupiga kichwa ukutani. Uongo niliusema mara moja, wakauamini kabla kahawa haijapoa. Ukweli nimeshausema mpaka sauti imenikauka, wananihurumia. Redio nimewaandikia mara tatu, hawajausoma.

Sasa Jumamosi nazunguka nyumba kwa nyumba. Wengine wananifungia mlango. Bibi Tollefson alinikaribisha ndani, akanisikiliza, kisha akasema yeye alikupigia simu mara mbili. Hajui akuambie nini. Nikamwambia hata mimi sijui.

Kwa Dot nakaa meza ya peke yangu. Sijalalamika, nakueleza tu.

Mdogo wako,
Verlin


Duluth, 8 Novemba 2023

Mdogo wangu Verlin,

Hujambo? Mgongo wa Joanne vipi? Mimi nalala sasa, kwa muda wa saa tano au sita hivi.

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya Juni niliisoma nikaitupa kwenye droo. Pale ulipoonja kwa kidole nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka. Ningeweza kukusamehe kwa kusema ovyo kwa Dot, umekuwa ukisema ovyo tangu utoto. Kinachonishinda ni ile safu ya tatu.

Nyumba nimeiuza. Sirudi Odegard, hata ukizimaliza nyumba zote. Lakini zimalize.

Jana hapa tulipiga kura za mji. Nilipanga foleni kama mtu yeyote, sina kitabu, sina beji. Nilipofika mezani, binti mmoja wa umri wa mjukuu akaniuliza jina langu. Mimi niliyewauliza watu majina yao miaka thelathini na moja, niliogopa kutaja langu, maana lilikuwa redioni. Nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nikalitaja, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akashusha rula kwenye orodha, akalipata, akanigeuzia kitabu. "Saini hapa, mama." Akanipa kalamu. Nikasaini, nikapiga kura, nikakaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha.

Kristin ameuliza kama tuwaalike sikukuu ya Shukrani. Nimemwambia bado. Akauliza bado mpaka lini, nikamwambia aoshe vyombo.

Dada yako,
Arlys