Ukuta wa Pili Ndani ya Gari

Jumamosi, 7 Juni

Leo tena kukwangua. Siku ya tano. Gundi ya zamani kwenye sakafu ya gari haitoki ila kwa maji ya moto na kisu. Elia anaimba besi ya kwaya huku anapanga mbao. Mikono yangu inanuka petroli hata baada ya sabuni.

Majirani hapa Chapwa, Tunduma, bado wanakuja kuchungulia. Mmoja kaniuliza kama tumefukuzwa nyumbani, mbona tunaweka kitanda ndani ya gari. Nimemweleza ni wazo la mume wangu. Elia aliwaona wazee wawili wa Kizungu kwenye foleni ya mpakani. Gari lao lina kitanda, jiko na makabati. Droo yao ilikuwa imevunjika, akawatengenezea. Tangu siku hiyo hana neno jingine. Yeye seremala wa miaka yote hii, anasema, halafu alale gesti kila akisafiri? Nami nimestaafu ualimu, sina cha kusingizia. Tukanunua gari la mizigo kwa dalali, halina madirisha, lina paa la juu. Dalali alisema lilikuwa linabeba vitunguu.

Nina furaha. Niandike, maana huwa siandiki.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Baridi na vumbi la malori. Elia kachora kabati la vyombo nyuma ya karatasi ya matangazo ya ibada.

Jumatatu, 9 Juni

Vipimo vimegoma. Elia alikata mbao za kitanda kwa vipimo vya nje, akatoa unene wa bati. Ndani hazikuingia. Alidhani amekosea. Huwa hakosei. Nikashika futi kamba upande mmoja, yeye upande mwingine. Kutoka nyuma ya dereva hadi mlango wa nyuma, ndani ni pungufu karibu futi mbili.

Ukuta ule nyuma ya dereva una mwenzake.

Aling'oa riveti za bati moja akamulika. Nafasi ya mtu kusimama kiubavu, upana wote wa gari. Juu kuna matundu ya drili, yamefichwa na mpira wa paa. Chini chupa za maji zilizobonyea. Mbili zina mkojo. Sweta ya kike, ya zambarau. Kwenye bati kuna herufi zilizokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Si herufi zetu.

Hapa Tunduma hakuna asiyejua. Tunasikia wamekamatwa ndani ya lori, wamekutwa porini. Wahabeshi, wanakwenda kusini. Sikuwahi kujiuliza gari lenyewe ndani linafananaje.

Niliingia. Sijui kwa nini. Nikamwambia Elia ashikilie bati nyuma yangu. Nikaanza kuhesabu. Sikufika hamsini, nikapiga bati kwa ngumi anitoe.

Jumanne, 10 Juni

Elia anataka tubomoe, tuchome sweta, tunyamaze. Mimi nikachukua ufagio kwanza. Kwenye kona kulikuwa na kipande cha sponji kilichogandishwa. Nyuma yake mfuko wa nailoni. Ndani pasipoti saba.

Nilizifungua mezani, mlango nimeutia komeo, saa nne ya asubuhi. Wanaume watano, wanawake wawili. Mmoja anaitwa Hirut. Kazaliwa mwaka aliozaliwa Anna wetu. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Nimesikia kwamba wasafirishaji huwanyang'anya watu pasipoti ili wasikimbie kabla ya kulipa. Sasa wako wapi, na pasipoti ziko kwangu?

Nimezizika kwenye debe la unga. Naogopa. Si kidogo.

Nimempigia Anna, Mbeya. Kasema twende polisi leo hii. Elia kakataa. Kadi ya gari bado ina jina la mtu tusiyemjua. Gari liko uani kwetu, pasipoti ziko kwenye unga wetu. Polisi wataanza na nani?

Jumatano, 11 Juni

Kaja mtu na pikipiki. Hatumjui. Eti tajiri wake amejuta kuuza gari, analitaka, atatupa zaidi ya tulichotoa. Elia kamwambia haliuzwi. Mtu yule akatazama turubai tulilofunikia, akauliza kwa upole kama tumeshaanza kubomoa. Hatukuwa tumemwambia kwamba tunabomoa chochote. Elia kadanganya kwamba tunaosha sakafu tu.

Baada ya hapo hakuimba tena. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na nyundo mapajani.

Alhamisi, 12 Juni

Pikipiki ileile ng'ambo ya barabara, tangu saa mbili hadi saa saba. Sikwenda sokoni. Kila nikichota unga nagusa nailoni.

Ijumaa, 13 Juni

Leo wamekuja wawili. Elia alikuwa dukani kwa misumari, nadhani walingoja atoke. Yule wa pikipiki alibaki getini. Mwingine akaingia uani, akavua kofia, akanipa shikamoo. Nikaitikia kabla sijamtazama. Halafu nikamtambua. Daudi. Nilimfundisha darasa la tano, alikuwa anakaa mstari wa mbele kwa sababu ya macho. Mama yake anauza dagaa sokoni. Sasa ni mwanaume mzima na ana ndevu.

Aliniita Mwalimu. Alisema kuna mzigo umesahauliwa kwenye gari, mdogo tu, makaratasi. Nikasema hatujaona kitu. Sauti yangu niliisikia inatetemeka. Naye aliisikia.

"Mwalimu, mimi nimeomba nije mwenyewe," alisema. "Jumatatu hawatanituma mimi."

Nikamuuliza kama wale watu walifika.

Alitazama chini. "Wengine."

Akavaa kofia. Aliniaga vizuri, kama nilivyowafundisha.



Jumamosi, 14 Juni

Tumegombana kutwa nzima. Elia anasema tuwape, wachukue, watuache tuzeeke. Kila mtu abebe mzigo wake. Nilimsomea majina saba moja moja. Akaziba masikio, kweli kabisa, kwa mikono miwili, kama mtoto. Miaka thelathini na moja ya ndoa na sijawahi kumwona akiogopa hivi. Hilo limenitisha kuliko pikipiki.

Mwenyewe si shujaa. Mara mbili leo nimelitoa debe hadi mlangoni, nizitupe chooni yaishe. Mara mbili nimelirudisha. Mtu asiye na karatasi huku ugenini, nani ataamini hata jina lake?

Jumapili, 15 Juni

Hatukwenda kanisani. Elia hasemi na mimi. Kakaa ndani ya gari na mlango kaufunga. Nilimpelekea chai, akaipokea kwa upenyo.

Jumatatu, 16 Juni. Nyumbani kwa Anna, Mbeya

Mkono umechoka lakini niandike.

Niliamka alfajiri. Nikazifunga pasipoti tumboni kwa kanga, juu nikavaa gauni la kanisani na koti. Elia alikuwa amegeukia ukutani. Sikumuaga. Nikapanda gari la kwanza kwenda Vwawa. Kila aliyepanda njiani nilimtazama mikono.

Kwenye ofisi ya polisi ya mkoa nilisema nina jambo la kumwambia mkubwa. Nikakaa kwenye benchi muda mrefu. Mara tatu nilisimama niondoke. Hatimaye kaja afisa wa kike, mdogo kuliko Anna, kaniingiza chumbani. Nilifungua kanga mbele yake. Alizihesabu, akaniuliza nimezipata wapi. Akaniuliza tena yaleyale. Mara ya tatu nikaelewa kwamba haniamini. Alitaka kujua mume wangu yuko wapi, na kwa nini tulikaa nazo siku sita. Nikasema tuliogopa. Aliliandika neno hilo. Aliniambia nisitoke nje ya jengo. Nikajua Elia alikuwa na kweli. Wameanza na sisi.

Saa nne na kitu nilisikia gari uani, injini inayokohoa. Nilidhani nimechanganyikiwa. Elia anashuka, shati la kazi, macho mekundu. Kaleta gari mwenyewe; alikuta pasipoti hazimo kwenye unga, akajua niko wapi. Pikipiki ilikuwa imemfuata hadi mji mdogo wa Mpemba, njiani, kisha ikarudi.

Kafungua mlango wa nyuma, akawaonyesha. Ukuta wa pili ulikuwa mahali pake. Hiyo ndiyo kazi aliyojifungia nayo jana. Riveti kwa riveti, kila bati kalirudisha kama tulivyolikuta, mpira wa paa, matundu, hata chupa. Afisa mwanamume mmoja akaingia, akatafuta, hakuona kitu. Elia akampa futi kamba.

"Pima ndani," kasema. "Halafu kapime nje."

Walipima. Hapo ndipo yule afisa binti aliponiletea maji ya kunywa.

Tumetoa maelezo hadi alasiri. Gari limebaki. Walituambia tusirudi Tunduma kwanza. Kwenye basi la kuja huku Elia hakunitazama, ila alinishika mkono, hakuuachia hadi tunashuka.

Alhamisi, 19 Juni

Mwenyekiti wa mtaa kapiga simu. Nyumba imevunjwa. Ilikuwa Jumanne, mchana kweupe. Godoro limechanwa, kabati limepinduliwa, unga umemwagwa sakafu nzima. Majirani walisikia, hawakutoka. Siwalaumu.

Jumapili, 29 Juni

Tumerudi Chapwa. Askari wanapita, siku nyingine hawapiti. Dalali amekamatwa, na yule wa pikipiki. Daudi hajulikani alipo. Wengine wanasema kavuka Zambia, kwa ndugu.

Nikisikia pikipiki nashika ukuta. Elia kaweka makomeo matatu.

Jumatano, 2 Julai

Mama yake Daudi kaja. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, ndoo yake ya dagaa imefunikwa kanga. Hakunilaumu. Aliniuliza kama najua mwanawe aliko, maana watu wanasema mimi ndiye wa mwisho kuongea naye. Nikasema sijui. Akauliza alikuwa amevaa nini. Nikamwambia: kofia nyeusi, shati la mistari. Alitikisa kichwa polepole, kama anamwona.

Aliacha dagaa kwenye sahani. Sikuweza kuwala, wala kuwatupa.

Nilimfundisha mtoto yule kusoma. Hilo ndilo ninalolifikiria. Sijui niliacha kumfundisha nini.

Jumatatu, 21 Julai

Afisa wa Vwawa kanipigia. Mmoja amepatikana. Hirut. Alikuwa mahabusu mkoa mwingine tangu mwezi wa tatu, anataja jina lake na hakuna wa kulithibitisha. Sasa pasipoti imemfikia, utaratibu wa kumrudisha kwao umeanza. Nikauliza habari za wale sita. Akasema wanaendelea kutafuta.

Nikamuuliza kama anajua sweta ya zambarau ilikuwa ya nani. Alisema hajui, ila imehifadhiwa.

Gari tumeruhusiwa kulichukua. Elia hakutaka kulileta nyumbani likiwa na ukuta ule. Kaubomoa palepale nje ya ofisi, juani, mbele ya watu. Bati lenye herufi wamelichukua wao. Nilifurahi sikulazimika kuamua la kulifanya.

Jumamosi, 9 Agosti. Ibaba

Tumefika kijijini kwao Elia saa sita, barabara mbaya, injini imechemka mara mbili mlimani. Elia kaweka madirisha, moja kila upande, makubwa kuliko alivyochora mwanzo. Ndani kuna mwanga mwingi hadi unaumiza macho.

Nilikuwa na hofu njia nzima. Pikipiki ilitupita pale Itumba, nikaacha kupumua. Dereva wake alikuwa kabeba mtungi wa gesi. Sidhani hofu hii itaisha. Imekuwa kama mgeni aliyehamia.

Mama mdogo wa Elia katoka kutupokea, na kofia ya sufu na fimbo. Kalizunguka gari mara mbili. Aliongea Kindali, Elia akawa ananitafsiria. Kauliza nyumba hii ina mlango mmoja tu? Kauliza wageni wanakaa wapi. Elia kamwambia wanakaa kitandani. Basi akapanda, tukamsukuma kwa nyuma, akakaa, akabonyeza godoro kwa kiganja. Kisha akalala ubavu, akajifunika blanketi langu jipya, akasinzia palepale na viatu miguuni.

Tulingoja aamke. Hakuamka. Ukungu ulishuka, Elia akaenda kuleta kuni, mimi nikamenya viazi nimekaa juu ya jiwe nje ya mlango. Ndani anakoroma taratibu. Nimemwacha alale.