Kushuka Mara ya Pili

Stanleyville, 6 Machi 1966

Mudogo yangu Nicolas,

Mbote sana. Uko na afya? Sisi iko muzima, batoto banakula muzuri, mama mukwe tu ndiye analalamika magoti.

Alors, mutu anatoroka dada yake bila hata kwaheri? Ulipanda mashua ya Yangambi na nywele ingali inatona maji. Unajua kile batu banasema tangu bac, ile chombo ya kuvusha batu muto, ilizama wakati ya rébellion: eti bwana yangu Célestin hakufa ndani, alikimbia na basimba, wale baasi. Batoto yangu banaitwa batoto ya muasi mpaka masomoni. Nilikuita wewe plongeur, muzamiaji, umutafute ndani ya cabine, kile chumba ya bac, tumuzike, midomo ifungwe. Sasa bokilo yangu, baba na mama ya Célestin, nao banaanza kuamini. "Ndugu yako alishuka, hakuona mutu." Nijibu nini?

Yaya yako, Angèle


Yangambi, 20 Machi 1966

Yaya Angèle,

Ninakusalimu na heshima. Mwili iko sawa, uso ndiyo sina.

Kosa ni yangu. Kazi hii nilijifunza kule Banana, kwenye bahari. Maji ya chumvi inamubeba mutu, ya muto haimubebi. Mimi mujinga nikafunga plomb, vile vyuma ya kuzamisha mutu, yote kiunoni, uzito ileile ya bahari. Nikaanguka miguu mbele ndani ya matope. Kila nikipiga teke, matope inapanda. Sikuona hata mukono yangu. Woga ikanishika, nikafungua mukaba ya plomb, nikaruka juu. Na kaptula ikabaki na mukaba.

Uchi, yaya. Mbele ya mama mukwe yako! Nitamutazama tena na macho gani?

Mudogo yako, Nicolas


Stanleyville, 3 Aprili 1966

Nicolas,

Mbote. Tumepata barua, tuko salama.

Mama mukwe alifunika uso na kitambaa, lakini Philomène jirani anasema alifunika kwa vidole wazi! Bon, nimecheka, imetosha. Aibu yako ni ya siku moja. Yangu inaamuka na mimi kila asubuhi. Vaa kaptula mbili, urudi.

Yaya yako, Angèle


Yangambi, 12 Juni 1966

Yaya,

Habari ya batoto? Magoti ya mama mukwe? (Umusalimie kwa mbali.)

Kila Jumapili ninajaribu hapa pembeni ya muto. Nimepunguza plomb. Zingine nimezipandisha juu, karibu na shingo ya chupa ya hewa, zingine zimebaki kiunoni. Mwanzo kichwa ilizidi kuwa nzito, nikakula matope. Nikasogeza kidogo kidogo. Sasa ninalala bapa ndani ya maji kama mukeka, miguu haishuki, matope haiamuki. Mwezi ya saba nitakuja.

Mudogo yako, Nicolas


Kisangani (ndiyo jina mupya ya Stanleyville), 9 Oktoba 1966

Mudogo yangu,

Mungu asifiwe kama uko muzima. Sisi pia, ingawa tumekonda. Mwezi ile ya saba ulitaka kuja, basoda bakapigana tena hapa mujini, tukalala porini na batoto. Ndiyo sababu barua ilikauka.

Nicolas, Célestin hakufa. Georgette, mwenye kuuza samaki, amemuona Bunia na macho yake. Amenenepa. Iko na bibi mwingine na jina ingine. Georgette ameapa hatasema.

Ningependa awe ndani ya maji. Ona pale nimefika! Lakini batoto bafanye nini? Njoo, ushuke mbele ya bokilo na batu yote. Ukipanda, sema umemuona. Ninaona haya kukuomba, na ninakuomba.

Yaya yako, Angèle


Yangambi, 13 Novemba 1966

Yaya Angèle,

Nilifika salama, homa kidogo tu. Najua unajiuliza kwa nini siku ya mazishi sikukutazama.

Nilikuja tayari kusema uongo. Nilitaka kushuka, kungoja kidogo, kupanda na kusema nimemuona, lakini maji inavuta, haiwezekani kumutoa. Lakini safari hii plomb ilikaa sawa. Nililala bapa, matope ikatulia, tochi ikaangaza cabine yote. Yaya, mulikuwa na mutu. Mifupa nyuma ya mulango, na bangili ya shaba kwenye mukono. Célestin hakuvaa bangili hata siku moja. Na yeye ni murefu. Huyu alikuwa mufupi. Plomb ingebaki vile ya kwanza, nisingeona kitu.

Nikapanda, nikasema: "Célestin iko." Baba mukwe akanikumbatia na maji yangu yote, akalia, akaniomba nimutoe mutoto yake. Nikatae namna gani? Nikashuka tena. Nikavua ile bangili, nikaisukuma ndani ya matope, nikamuleta mutu kwa jina isiyo yake.

Bamenipa mbuzi na kitambaa mupya. Mama mukwe mwenyewe alinifunga kitambaa mabegani. Siwezi kukivaa, kinaniunguza.

Kuna mama mahali, labda Isangi, labda Yanonge, angali anangojea. Hatuwezi kumutafuta, maana kweli ikitoka, batoto yako banarudi kuwa batoto ya muasi. Donc ninakuomba kitu moja. Bokilo bakikuita kulia kwenye kaburi, usijifanyize. Mulilie huyo mutu kwa kweli kabisa. Hana mwingine.

Mudogo yako, Nicolas